Kupanga Safari ya Shangazi

Wako watu wengi wanaodhani kwamba safari huanza siku ile mtu apandapo motokaa. Wengine husema huanza siku ya kufunga mizigo. Sisi twaona kwamba safari ndefu huanza mapema zaidi, pale watu wa nyumba moja wanapoketi na karatasi na kuulizana: Ni nani kati yetu atakayeumia zaidi njiani? Jibu la swali hilo ndilo linaloleta saa ya kuondoka, mahali pa kulala, fedha za kuchukua, hata kiti cha kukalia. Asiyeuliza hivyo hajapanga kitu, hata kama amekwisha kulipa nauli.

Twataka kulieleza jambo hilo kwa mfano wa safari moja iliyopangwa nyumbani kwetu, hapa Katindo mjini Goma, mwaka 2014. Haikuwa safari ya wakubwa. Ilikuwa safari ya kumleta shangazi yetu, mjane wa miaka sabini na miwili, kutoka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, mpaka huku kwetu milimani. Baba yetu, ndugu yake wa tumbo moja, alikuwa hawezi tena safari ndefu. Basi kazi ikatuangukia sisi watoto wawili. Mmoja alikuwa ametoka seminari si zamani, akaanza kufundisha katekisimu. Wa pili, dada yetu mdogo, alikuwa akisomea uuguzi.

Yafaa kwanza msomaji aione nchi yenyewe. Ziwa Albert liko bondeni, mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto lake ni kali na mbu wake ni wengi. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, chini ya mlima Nyiragongo wenye mita 3,470. Mtu angedhani kwamba njia yote ni ya kupanda tu. Sivyo. Kutoka Kasenyi njia hupanda ukingo wa bonde mpaka Bogoro na Bunia, kisha hushuka kuelekea misitu ya Komanda. Hupanda tena kwa Beni na Butembo mpaka Lubero, ambako asubuhi watu huvaa makoti. Halafu, baada ya Kanyabayonga, huteremka kwa kona za Kabasha mpaka uwanda wa Rwindi, kusini ya Ziwa Edward, penye joto, swala na tembo. Mwisho hupanda kwa mara ya tatu, kwa Rutshuru, hata kufika Goma. Kupanda mara tatu, kushuka mara mbili. Kijana huiona njia hiyo kuwa ya kupendeza. Mwili wa mzee hukutana na nchi tano mbalimbali, nao hauna muda wa kuzoea hata moja.

Mume wa shangazi alikuwa mtu wa Butembo, mvuvi na mchuuzi wa makayabo, yaani samaki wa chumvi. Alifariki mwaka 2011, nao hawakujaliwa watoto. Katika milima ya kusini ya Bogoro walikuwako bado watu wenye silaha, na usiku ng'ombe na nyavu ziliibwa. Miguu ya shangazi ilikuwa imeanza kuvimba, na damu yake ilikuwa ikipanda. Kila barua ya mdomo iliyotoka Kasenyi ilisema: Hajambo. Lakini sisi tulijua "hajambo" ya mtu anayekaa peke yake ina maana gani.

Baba alitaka tuondoke mara moja. Hata hivyo yeye mwenyewe ndiye aliyesema kwamba neno la kwanza la mpango ni kumwuliza mwenye safari. Tukampigia simu jioni moja, watu wote wa nyumba wakasikiliza. Shangazi akakaa kimya kidogo, kisha akasema atakuja, lakini kwa mambo matatu.

Kwanza, hatapanda ndege. Alikuwa amesikia redioni habari za ndege iliyoanguka Birere, hapa hapa Goma, Aprili 15, 2008, wala hakutaka tumweleze zaidi. Pili, lazima apite Butembo kwa wifi yake, maana mjane hawezi kuondoka katika nchi ya mumewe pasipo kuwaaga watu wa mume. Tatu, alisema hivi: "Kila jioni mtaniambia kesho tunakwenda wapi, na kwa nini. Mimi si gunia la makayabo, wanangu."

Tuliandika maneno hayo matatu juu ya karatasi kabla ya kuandika jina la mji wowote. Baadaye tuliona kwamba yalitusaidia kuliko hesabu zote, kwa sababu yalifunga milango iliyokuwa imebaki wazi bure, nasi tukajua la kufanya.

Ndipo tukachagua njia. Zilikuwako tatu. Ya ndege, kutoka Bunia mpaka Goma, ilikuwa fupi kupita zote, lakini mwenyewe alikuwa ameikataa. Ya pili ilikuwa ya Uganda: kuvuka ziwa kwa mtumbwi mpaka Ntoroko, kisha Fort Portal, Kasese, Mbarara, Kabale na Kisoro, na kuingia Kongo tena kwa Bunagana. Barabara za kule ni nzuri, na rafiki zetu wengi walitushauri tuishike hiyo. Lakini Machi 22 ya mwaka ule ule mtumbwi wa wakimbizi Wakongo waliokuwa wakirudi kwao ulipinduka katika Ziwa Albert, na watu zaidi ya mia moja wakafa maji. Tena Butembo haimo katika njia hiyo. Ikabaki ya tatu, ya nchi kavu ndani ya Kongo yetu: Bunia, Komanda, Beni, Butembo, Lubero, Kanyabayonga, Rutshuru, Goma. Ni njia ndefu, tena sehemu kubwa ni ya udongo.

Baada ya njia, majira. Hapo tulijifunza jambo ambalo mtu wa Goma husahau kwa urahisi. Njia hiyo huvuka mstari wa ikweta kati ya Butembo na Lubero, na mvua za upande huu si sawa na za upande ule. Kwetu kusini kiangazi kikubwa ni Juni mpaka Agosti. Kule Ituri miezi mikavu kabisa ni Desemba mpaka Februari. Katikati ya mwaka mvua hupungua tu, haikomi. Hivyo hakuna mwezi ulio mkavu kabisa njia nzima wakati dada yetu yuko likizo. Tukachagua Julai, tukijua kwamba matope, kama yatakuwako, yatakuwa mwanzoni mwa safari, kati ya Bunia na Beni. Ni afadhali matope yaje siku za kwanza, wakati msafiri ana nguvu.

Sasa tuseme habari za hatari, maana hapana mtu wa mkoa wetu awezaye kupanga safari bila kuzitaja. Kila kituo katika karatasi yetu kilikuwa na kumbukumbu yake. Bogoro ilishambuliwa Februari 24, 2003, na wakaaji wake wengi waliuawa. Mei 23, 2014, miezi miwili kabla ya safari yetu, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ilimpa Germain Katanga kifungo cha miaka 12 kwa ajili ya shambulio hilo. Mbau, kati ya Oicha na Beni, ndipo mapadri watatu Waasumpsionisti walipotekwa usiku Oktoba 19, 2012. Na karibu na kwetu, Aprili 15, 2014, Emmanuel de Merode, mkurugenzi wa Hifadhi ya Virunga, alipigwa risasi njiani kati ya Goma na Rumangabo. Akapona kwa neema ya Mungu.

Hatuyaandiki haya ili kutisha watu. Twayaandika kwa sababu hofu isiyo na mahali hulemea moyo wote, bali hofu iliyoandikwa pembeni mwa jina la mji na pembeni mwa saa, hiyo mtu aweza kuitafutia dawa. Sisi tuliigawa njia katika vipande vitano, tukatafuta katika kila kipande mtu mmoja wa kutuambia kweli: katekista mmoja Komanda, mama muuza ndizi Oicha, mwalimu mmoja Kanyabayonga, na wengine. Hao si watu wa cheo, lakini kila siku huona motokaa zikipita mbele ya mlango wao.

Nasi tuliona upesi kwamba si kila swali huleta jibu la kweli. Ukimwuliza mtu, "Njia ni salama?" atakujibu, "Tunamshukuru Mungu." Ni jibu la adabu, wala halikusaidii. Tukaanza kuuliza hivi: "Motokaa ya mwisho iliyotoka upande ule leo imefika saa ngapi? Wachuuzi wa kwenu wamekwenda sokoni leo, au wamekaa? Je, wewe ungempandisha mama yako kesho?" Swali la mwisho ndilo lililokuwa na nguvu. Mara moja mama wa Oicha alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Kesho hapana. Keshokutwa nitawaambia." Neno lile lilikuwa na thamani kuliko taarifa nyingi tulizosikia.

Kwa njia hiyo tuliamua pia tusikodi motokaa moja kwa safari nzima. Dereva wa Bunia huijua njia ya Bunia. Akifika Rwindi yeye naye ni mgeni. Ni afadhali kubadili motokaa katika kila mji mkubwa, na kila kipande kiendeshwe na mtu anayelala hapo, anayejua tope liko wapi na barieri ya jana imehamia wapi. Ndiyo, ni usumbufu kuhamisha mizigo. Kwa sababu hiyo mizigo ikawa michache.

Halafu tukahesabu siku. Siku ya kwanza, Kasenyi mpaka Bunia. Ya pili, Bunia mpaka Beni. Ya tatu, Beni mpaka Butembo, kilomita 54 tu, maana mtu anayekwenda kuwaaga wakwe hafiki kwao usiku amechoka na kujaa vumbi. Ya nne, Butembo mpaka Kanyabayonga kwa njia ya Lubero. Ya tano, kushuka Kabasha asubuhi, kuuvuka uwanda wa Rwindi pamoja na motokaa nyingine nyingi, na kufika Goma mapema, jua likiwa bado juu. Kulala Kanyabayonga kulikuwa na shabaha hiyo: uwanda ule haukufaa kuvukwa alasiri, wala haukufaa kuvukwa na motokaa iliyo peke yake.

Siku tano, basi. Lakini juu ya karatasi tuliandika tisa. Nne zilikuwa za akiba, nazo zilikuwa na fedha zake za chakula na malazi katika kifuko cha pekee kilichoshonwa na mama yetu. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Baba mdogo alikuwa ndiye mchangaji mkubwa wa fedha, naye akasema kwa uchungu:

"Basi hutoka Butembo asubuhi na kuingia Goma jioni. Ninyi mwataka siku tisa, kama wachunga ng'ombe! Fedha hizi ni karo za watoto."

Maneno yake hayakuwa ya ubaya, maana kweli zilikuwa karo. Tukatazamana. Baba yetu akajibu polepole, "Ndugu yangu, basi lile hubeba watu wenye afya. Sisi tunamleta dada yetu. Kama siku hizo nne hazitatumika, fedha zitarudi mkononi mwako siku ile ile." Baba mdogo akanyamaza. Kesho yake alileta fedha zilizopungua, na zaidi ya hizo akaleta sweta ya sufu aliyoinunua kwenye mitumba katika soko la Virunga. Akasema mtu aliyekaa miaka arobaini katika joto la Kasenyi hana nguo ya kulala Lubero. Sisi wote hatukuwa tumefikiri habari za sweta bado.

Mwishoni tuliweka sheria tatu. Ya kwanza: hatutaanza safari kabla ya kupambazuka, wala hatutakuwa njiani baada ya saa tisa alasiri. Ya pili: jioni, saa kumi na mbili, mmoja wetu atapiga simu Katindo, na nyumba ya Katindo itaandika tulipo, tukinyamaza siku moja, wanajua wamwulize nani. Ya tatu: mtu yeyote wa safari akisema "tusimame", tunasimama, na neno la shangazi halibishaniwi. Kwa sababu mwili wake ndio uliokuwa saa yetu.

Katika kufunga mizigo tuliyafuata hayo hayo. Kadi za kura, ambazo ndizo vitambulisho vyetu, na nakala zake mahali pengine. Kadi za chanjo. Barua ya paroko. Karatasi ya daktari na dawa za damu za siku ishirini, zikiwa nusu katika mfuko wa dada yetu na nusu katika mfuko wa shangazi. Chandarua cha kulalia kule chini kwenye mbu, na blanketi la milimani. Termo ya chai, ndizi, mahindi ya kuchoma. Fedha katika vifuko vinne: cha nauli, cha chakula, cha akiba, na kidogo cha barieri, ili mtu asifungue fedha zote mbele ya macho ya watu kwa ajili ya ada ndogo. Na kiti kidogo cha mbao cha kukanyagia, maana miguu iliyovimba haipandi motokaa ndefu bila ngazi.

Msomaji atauliza: Je, mambo yalikwenda kama yalivyoandikwa? Yalikwenda, na hayakwenda.

Kasenyi tulimkuta shangazi amekaa juu ya sanduku lake tangu alfajiri, amevaa kitenge cha sikukuu. Jioni ile Bunia tulimweleza habari za siku ya pili, na kwa nini. Akasikiliza kama mtoto wa katekisimu, akauliza maswali kuliko sisi tulivyokuwa na majibu. Matope ya Komanda yalituchukua saa tatu, kama tulivyotazamia. Mbau tulipita mchana. Watu wa motokaa wakanyamaza wote, na mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Beni tulilala salama.

Lakini Butembo, baada ya kuwaaga wakwe, baada ya machozi na ugali na maneno mengi, shangazi aliamka miguu yake imevimba mpaka magotini. Dada yetu akampima damu, akatutazama bila kusema. Nafasi za motokaa ya Kanyabayonga zilikuwa zimekwisha kulipwa, na dereva alikuwa akipiga honi mlangoni. Alisema hana uwezo wa kungoja, na nauli ya mtu asiyepanda hairudi. Shangazi mwenyewe, kwa kuona haya mbele ya wakwe, akaanza kuinuka, akasema, "Twendeni, wanangu, nitakaza moyo."

Dada yetu akamwuliza, "Shangazi, sheria ya tatu inasemaje?"

Akaketi. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi, tusimame."

Motokaa ikaondoka na nauli yetu. Mwuguzi wa zahanati ya jirani aliagiza apumzike siku mbili, miguu juu, chumvi kidogo. Tukakaa siku tatu. Kifuko cha akiba kikafunguliwa, na hapakuwa na mtu wa kukopwa wala wa kulaumiwa. Siku zile tatu wifi yake alimweleza shangazi mambo ya ujana wa marehemu ambayo hakuwahi kuyasikia katika miaka yote ya ndoa. Baadaye alituambia kwamba kama safari nzima ingekuwa na siku zile tatu tu, ingemtosha.

Siku ya nne uvimbe ulikuwa umeshuka. Lubero alivaa sweta ya baba mdogo, akacheka kuona pumzi yake ikitoka kama moshi. Kanyabayonga mwalimu wetu alitupokea, akatuambia motokaa za asubuhi zimefika zote. Kulipokucha tukaiteremka Kabasha. Kwenye kona moja dereva alisimamisha motokaa ili breki zipoe, na uwanda wote wa Rwindi ukafunuka chini yetu, na ziwa likimeta kwa mbali. Shangazi akasema, "Kumbe na ninyi mna nchi ya chini!" Tukauvuka uwanda katika mstari wa motokaa kumi na kitu, tukapita May-ya-Moto penye chemchemi za maji ya moto, na saa nane tulikuwa Goma. Godoro lake lilifika Katindo juu ya chukudu, likisukumwa na kijana mmoja juu ya mawe meusi ya volkeno. Jioni mama yetu alipika sambaza. Shangazi akawatazama samaki wale wadogo kwa dharau ya mtu wa Ziwa Albert. Tukamwambia kwamba sambaza nao si wenyeji. Waliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959. "Basi," akasema, "tutazoeana."

Tulitumia siku nane kati ya tisa. Fedha za siku moja zilirudi mkononi mwa baba mdogo.

Ndugu wasomaji, njia ile haikukaa kama tulivyoiacha. Oktoba 2014, miezi mitatu tu baadaye, mauaji ya raia yalianza upande wa Beni na Oicha. Mama yule muuza ndizi alikimbilia Butembo na watoto wake. Mei 22, 2021, Nyiragongo ulitapika, na moto wake ukaikata barabara kaskazini ya mji wetu. Oktoba 2022 Rutshuru na Kiwanja ziliingia mikononi mwa M23, Juni 2024 Kanyabayonga, na Januari 2025 Goma yenyewe. Kwa hiyo hatutoi karatasi yetu ya mwaka 2014 ili mtu aifuate kama ilivyo. Vituo hubadilika, saa hubadilika, na mwenye kujua habari za jana si yule wa leo.

Lakini namna ya kuipanga haijachakaa. Mei 27, 2021, serikali ilipowaamuru watu wa mitaa mingi ya Goma kuhama kwa hofu ya mlima, na maelfu wakashika njia ya Sake kwa miguu, nyumba yetu nayo iliondoka. Hapakuwa na muda wa karatasi. Baba yetu aliuliza neno moja tu: "Nani atakayeumia zaidi?" Safari ile hakuwa shangazi, alikuwa mtoto wa jirani, mwenye siku tisa tangu kuzaliwa. Shangazi, wakati ule ana miaka sabini na tisa, ndiye aliyesema kwamba mzazi yule atangulie mbele, sisi wote tufuate mwendo wake, na yeyote akisema "tusimame", tusimame. Tukafika Sake usiku sana, nyuma ya watu wengi. Lakini tulifika wote, na mtoto yule sasa anasoma.

Basi, unapopanga safari, iwe ya harusi, ya kilio, ya hija au ya kumleta mzee nyumbani, usianze na motokaa, wala usianze na nauli. Anza na yule aliye dhaifu. Mwulize yeye mwenyewe anataka nini, maana mara nyingi hakuna aliyemwuliza. Ziandikie siku za akiba fedha zake, hata kama ndugu watanung'unika. Watafute watu wa mlangoni, wanaoona njia kila siku, uwaulize kama wangempandisha mama yao. Nawe umpe yule dhaifu neno la kusimamisha msafara, tena mbele ya watu wote, ili siku ya kulitumia asione haya.